Tupimwe Tukingali na Nguvu: Risala ya Wananchi wa Masasi na Newala

KWA: Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara

NAKALA: Wakuu wa Wilaya za Masasi na Newala, Wakurugenzi na Waganga Wakuu wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, viongozi wa vyama vikuu vya ushirika MAMCU na TANECU, viongozi wa dini, makungwi na manyakanga.

YAH: WATU WETU KUGUNDULIKA NA VVU WAKIWA WAMECHELEWA

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

1. Utangulizi

Sisi tunaoleta risala hii ni wakulima wa korosho na mbaazi, mama lishe, waendesha bodaboda, walimu na wahudumu wa kujitolea kutoka vijiji vya Masasi na Newala. Baadhi yetu tunaishi na Virusi vya UKIMWI na tunameza dawa kila siku. Wengine tumeuguza kaka, dada na wajomba zetu, na wengine tumewazika.

Tumekuja na jambo moja. Katika wilaya zetu bado wapo watu wanaojua kwamba wana VVU siku wanapofikishwa wodini. Wanafika wamekonda, wanakohoa, wana utando mweupe mdomoni, na wengine wameshachanganyikiwa kwa maumivu ya kichwa yasiyokatika. Wakati huo chembe za kinga, zile CD4, mara nyingi zimeshashuka chini ya 200, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa ugonjwa umeshakomaa.

Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo umetumika sana kuwalaumu wenzetu. Sisi tunasema wengi wao hawakuficha kitu, kwa kuwa hawakujua. VVU huweza kukaa mwilini miaka minane hadi kumi, mtu analima, anacheza ngoma, anazaa, kabla ya kumwangusha. Katika miaka hiyo amepita duka la dawa, zahanati, kwa mganga wa jadi, ofisi ya chama cha msingi, msikitini au kanisani. Kote huko palikuwa na nafasi ya kumuuliza kama ameshapima. Kama hakuulizwa mahali popote, mtu huyo amecheleweshwa, na waliomchelewesha ni sisi sote tuliosimama kwenye milango hiyo. Hilo ndilo lalamiko letu, na madai yetu yote yanatoka hapo.

2. Nchi imefika wapi

Mheshimiwa, hatuji kudai kwamba hakuna kilichofanyika. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso hapa hapa Masasi, alitangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Tangu 2004 Serikali inatoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Tangu 2016 kila anayekutwa na VVU huanzishiwa dawa bila kusubiri CD4 zishuke, na kwa wengi wetu dawa hizo leo ni kidonge kimoja kwa siku. Anayemeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo huishi maisha yake yote kama wengine, na hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana.

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionesha kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU nchini, asilimia 82.7 wanajua hali yao. Kati ya hao wanaojua, asilimia 97.9 wako kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 wamefubaza virusi. Takwimu hizi zinatuambia kitu cha wazi: Mtanzania akishajua ana VVU, karibu kila mara anaanza dawa, na dawa zinamsaidia. Kazi iliyobaki kubwa iko kwa wale takriban 17 katika kila 100 ambao hawajajua. Wanaume na vijana ndio walioachwa nyuma zaidi katika kundi hilo.

Mkoa wetu hautajwi pamoja na Njombe, Iringa na Mbeya, mikoa inayoongoza kwa maambukizi. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini heri hiyo imetuletea usahaulifu. Mahali ambapo ugonjwa si mwingi, mhudumu haufikirii upesi, na mgonjwa haufikirii kabisa.

3. Malalamiko yetu

3.1 Kila homa inaitwa malaria. Mkoa wa Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na hili limewazoesha watu wetu, wagonjwa kwa wahudumu, kuona homa na kufikiri ugonjwa mmoja.

Tunaomba turuhusiwe kueleza kisa kimoja kwa idhini ya mwenyewe. Jina lake tunalihifadhi. Ni mkulima wa mikorosho kutoka kijiji cha huku juu uwandani. Alianza kwa homa za usiku na jasho la kulowesha shuka. Duka la dawa wakamuuzia dawa mseto. Homa ikarudi, akaenda zahanati, akapimwa malaria, kipimo kikasema hana. Akaandikiwa vidonge vingine akarudishwa nyumbani. Kisha ukamtoka mkanda wa jeshi ubavuni. Mzee mmoja akampaka majani na kumwambia huo ni mkono wa mtu, wa jirani yake waliyegombania naye mpaka wa shamba. Fedha ya korosho ikaishia kwa mganga, na ujirani ukavunjika. Alipofikishwa hospitali alikuwa ameketishwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na shemeji yake, hana nguvu hata ya kushika. Hapo ndipo alipopimwa VVU kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kipimo kilitaka tone la damu na dakika chache. Vitepe vya kupimia vilikuwapo hata kwenye zahanati aliyoanzia.

Homa zisizoisha, jasho la usiku, kukonda, mkanda wa jeshi kwa mtu mzima, kifua kikuu: dalili hizi zinafundishwa vyuoni kuwa sababu ya kumpima mtu VVU. Tunauliza kwa nini zinasahauliwa mgonjwa anapokuwa amekaa mbele ya meza.

3.2 Wanaume hawana mlango wao. Mwanamke akishika mimba anakwenda kliniki ya mama na mtoto, na huko anapimwa. Mwanamume hana ziara ya namna hiyo. Wengi wetu wanaume tulijifanya tumepima kupitia wake zetu: yeye akikutwa salama, nasi tukajitangaza salama. Sivyo ilivyo, kwa maana wanandoa wanaweza kuishi pamoja miaka mingi, mmoja akiwa na virusi na mwenzake akiwa hana.

Katika mikoa kama Iringa, Njombe na Kagera, kampeni za tohara ya kitabibu ziliwafikia wanaume wengi, na kila aliyekwenda kutahiriwa alipewa nafasi ya kupima. Kampeni hizo hazikutuhusu, kwa sababu Wamakonde, Wamakua na Wayao tunatahiri wavulana jandoni wakiwa wadogo. Mila yetu njema ikatufungia mlango ambao wenzetu waliupata, na hakuna aliyefikiria kutufungulia mwingine badala yake. Juu ya hayo, wako wanaume wanaoamini kwamba tohara inawakinga kabisa. Tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Asilimia zilizobaki zinatosha kumwambukiza.

Na huko huko kliniki, wapo wajawazito wanaoambiwa warudi na wenza wao, na asiye na mwenza aende kwa mwenyekiti kuchukua barua. Nia ni njema, lakini binti aliyeachwa, au ambaye mume wake amekwenda Mbagala kutafuta maisha, anaona aibu ya barua hiyo na kukaa nyumbani hadi mimba iwe kubwa. Hivyo mama anachelewa kupimwa, na mtoto anachelewa pamoja naye.

3.3 Benchi linalotutangaza. Katika baadhi ya vituo, wanaokwenda kliniki ya tiba na matunzo, ile tunayoiita CTC, wana siku yao, chumba chao na benchi lao la nje. Anayepita kwenda maabara anakuona, na kabla hujafika nyumbani habari imeshatangulia kwamba umekanyaga miwaya, yaani umeambukizwa. Matokeo yake tunayaona kila mwezi: mtu wa Newala anashuka Masasi kuchukua dawa, wa Masasi anapanda gari kwenda Ndanda, kila mmoja anakimbia macho ya kwao. Nauli ikikosekana, dawa nazo zinakosekana. Na yule ambaye bado hajapima, akitazama benchi lile, anaapa kutopima.

Mhudumu wa afya naye ni jirani yetu. Tunaimba naye kwaya, tunazikana naye. Anapotoa siri ya mtu mmoja, anawafukuza watu wa kijiji kizima. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya aliyepima na inakataza unyanyapaa, lakini wanakijiji wengi hawajui waende wapi kulalamika siri yao ikivuja.

3.4 Huduma haifuati kalenda yetu. Kuanzia Mei tunapuliza salfa mikoroshoni. Oktoba hadi mwisho wa mwaka tunaokota, tunapeleka ghalani, tunasubiri minada na malipo. Mwanamume anayekohoa anasema, ngoja korosho ziishe. Msimu huo huo ndio fedha zinapoingia, wageni wanapojaa katika miji yetu, na mapenzi ya muda yanapoongezeka. Vijana wetu wengine wanavuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta riziki. Kampeni ya kupima ikipita kijijini hawapo. Wakirudi, kampeni imeshaondoka.

3.5 Walio nje ya hesabu. Wazee hawaulizwi, kana kwamba mwenye mvi hana ndoa. Bibi aliyepita umri wa kuzaa hana tena sababu ya kwenda kliniki, na ushauri nasaha ukitolewa kwa Kiswahili cha semina, aliyezoea Kimakonde au Kimakua anaitikia tu kwa adabu. Vijana wa miaka 15 hadi 17 wameruhusiwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 kupima bila ridhaa ya mzazi, lakini wapo wanaorudishwa wakaambiwa waje na mama. Watoto waliozaliwa na mama mwenye VVU wanapaswa kupimwa wakiwa na wiki sita hivi. Majibu yakikawia, mama anakata tamaa na kuacha kufuatilia.

3.6 Kazi iliyotegemea mfuko wa mwingine. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuipitia upya. Kazi nyingi za kuwafuata watu nyumbani, kuwashauri na kuwasindikiza kupima zilikuwa zikilipwa na miradi ya fedha hizo, nazo zikatetereka. Dawa ni za lazima, tunajua Serikali itahangaika nazo kwanza. Lakini anayemleta mtu kwenye dawa naye ni wa lazima, na posho yake ndiyo huwa ya kwanza kukatwa.

4. Madai yetu

Kwa hayo tuliyoeleza, tunaomba na kudai yafuatayo.

Kwanza, Waganga Wakuu watoe agizo kwamba katika kila zahanati, kituo cha afya na hospitali, mgonjwa mwenye homa zinazojirudia, kikohozi cha wiki mbili, kukonda, mkanda wa jeshi au kifua kikuu aelezwe na apewe nafasi ya kupima VVU siku hiyo hiyo, kwa hiari yake kama sheria inavyotaka. Usimamizi wa robo mwaka uangalie rejesta na kuuliza ni wangapi walirudi na homa bila kushauriwa kupima.

Pili, vipimo vya kujipima kwa mate, ambavyo sheria imeviruhusu tangu 2019, vipatikane kwa wingi: kwa wajawazito ili wawapelekee waume zao, kwenye vijiwe vya bodaboda, na kwenye maduka ya dawa muhimu. Wauza dawa wafundishwe kumwambia anayerudi kununua dawa mseto mara kwa mara kwamba kipo kipimo kingine anachostahili, na kwamba anayejipima akakuta dalili za VVU lazima athibitishwe kwa kipimo cha damu kituoni.

Tatu, huduma ije kwenye kalenda ya korosho. Mkulima hangoji ugonjwa wa ubwiriunga ukaushe maua ya mikorosho ndipo apulize salfa. Anapuliza mapema kwa sababu anajua ukishakomaa hakuna cha kuokoa. Tunataka upimaji ufanyike Agosti na Septemba kabla ya minada, na tena wakati wa malipo. MAMCU, TANECU na vyama vya msingi watenge chumba cha faragha, na upimaji huo uchanganywe na presha, sukari na kifua kikuu ili anayeingia asijulikane kaingilia nini.

Nne, benchi liondolewe. Dawa zetu zitolewe katika dirisha na foleni za wagonjwa wote pale inapowezekana, na aliyefubaza virusi apewe dawa za miezi kadhaa kwa mara moja ili apunguze safari. Kila kituo kibandike, kwa maandishi makubwa, mahali pa kupeleka malalamiko ya siri kuvuja, na hatua zichukuliwe.

Tano, mjamzito apokelewe na kupimwa siku anapofika, awe na mwenza au asiwe naye, awe na barua au asiwe nayo. Mwaliko kwa mwenza uende baadaye, kwa ridhaa ya mama.

Sita, wanaofika wakiwa wamechelewa wasikabidhiwe vidonge tu wakaambiwa warudi mwezi ujao. Wapimwe CD4, wapimwe kifua kikuu hata kwa kile kipimo cha mkojo, na wapimwe fangasi anayesababisha homa ya uti wa mgongo, kwa sababu magonjwa hayo ndiyo yanayowaua katika wiki za kwanza. Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni takriban kilomita 200. Vipimo hivi vikipatikana huku huku, maisha yataokoka huku huku.

Saba, Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii uliozinduliwa na Serikali mwaka 2024 ufike katika vitongoji vyetu, na wachaguliwe watu wanaozungumza Kimakonde, Kimakua au Kiyao, wakiwemo wanaoishi na VVU waliokubali kujitokeza. Halmashauri zitenge posho zao katika mapato ya ndani, ukiwemo ushuru wa korosho. Zao hili linalisha wilaya zetu. Liwatunze pia wanaolilima.

Nane, makungwi na manyakanga, wanaowafunda vijana wetu jandoni na unyagoni, waitwe mezani kama walimu wenzetu, na wajomba pamoja nao. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Mjomba akisema, mpwa wangu, twende tukapime, maneno hayo yatafika mahali ambapo bango la barabarani halifiki.

5. Ahadi zetu

Mheshimiwa, hatukuja mikono mitupu. Sisi tunaoishi na VVU, kupitia Konga zetu, yaani mitandao ya watu wanaoishi na VVU, tutakuwa tayari kumsindikiza yeyote anayeogopa kwenda kupima peke yake. Wanaume kati yetu tutapima kwa damu zetu wenyewe, na hatutajificha tena nyuma ya majibu ya wake zetu. Tutakataa misibani na vijiweni lugha ya kumcheka aliyekonda. Na mgonjwa akisema amerogwa, hatutagombana naye. Tutamwambia aende kwa mganga akipenda, lakini apitie zahanati kwanza.

6. Hitimisho

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, tunaomba majibu ya maandishi kwa kila dai, yakionesha nani atalitekeleza na lini, kabla ya mnada wa kwanza wa msimu ujao wa korosho. Tunaomba pia kila tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, baada ya ngoma na hotuba, Waganga Wakuu wasimame mbele ya wananchi watusomee hesabu moja: mwaka huu waliogundulika na VVU ni wangapi, na kati yao ni wangapi waliokutwa na CD4 chini ya 200. Hesabu hiyo ikipungua mwaka hadi mwaka, tutajua tumesikilizwa. Isipopungua, tutarudi na risala nyingine.

Tunaomba kuwasilisha.

Wananchi wa Masasi na Newala